Somo la sala na saa ya sala: jibu kwa mwalimu anayeandaa mafunzo ya wenzake

SWALI: Shalom. Mimi ni Mkenya niliyeolewa Mbale, Uganda, katika jamii ya Wayahudi wa huku, Abayudaya, na ninafundisha shule ya msingi. Mwalimu mkuu amenikabidhi kazi ya kuandaa mafunzo ya siku tatu wakati wa likizo, ili walimu wenzangu wajifunze jinsi ya kuwafundisha watoto sala. Watoto wetu wanaimba vizuri na kukariri vizuri, lakini ukiwauliza wanachosema kina maana gani, kimya. Wa darasa la sita na la saba wanasinzia au wanapiga soga. Baadhi ya walimu ni Wakristo, na wanafunzi wengi ni Wakristo na Waislamu. Walimu wa Kiyahudi kwingineko hufunzwaje kazi hii? Na mimi nianzie wapi?

JIBU: Shalom, Mwalimu, na hongera kwa kuaminiwa kazi nzito.

Mafunzo mengi ya aina hii huanza na mbinu: nyimbo mpya, kadi za rangi, michezo, namna ya kunyamazisha darasa. Walimu hufurahi, huondoka na makaratasi, na muhula ukianza mambo yanabaki yalivyokuwa. Nakuomba usianzie huko. Anza kwa kuwatenganishia wenzako vitu viwili ambavyo shule nyingi huvichanganya: saa ya sala na somo la sala.

Saa ya sala ni pale mtoto anaposimama mbele za Mungu pamoja na wenzake. Somo la sala ni pale anapouliza, anapokosea, anaporudia, anapobisha. Vikichanganywa, vyote viwili huharibika. Mwalimu anakatiza Shema, tamko la imani la "Sikia, Ee Israeli", ili asahihishe matamshi ya mtoto wa mstari wa pili. Mtoto naye, mwenye swali la kweli kuhusu maneno anayoyatamka tangu chekechea, hapati hata siku moja ambayo swali lake lina nafasi kwenye ratiba. Kimya unachokutana nacho ukiwauliza maana, kwa maoni yangu, kinatoka hapo.

Sheria ya Kiyahudi ilishaliona jambo hili zamani. Maimonides, rabi na tabibu wa karne ya 12 aliyeishi Misri, anaandika katika sheria za baraka kwamba watoto wafundishwe baraka kama zilivyo, Jina la Mungu likiwemo, ingawa wakati huo wa kujifunza wanazisema bila kuwa na wajibu wa kuzisema. Kisha anaongeza kwamba anayewasikia asiitikie amina. Liandike hilo ubaoni asubuhi ya kwanza, maana hata mwalimu aliyeajiriwa juzi atalielewa papo hapo: kwenye somo hatuitikii amina, kwenye sala tunaitikia. Ninyi walimu, kwa kuwa ni watu wazima, mkisoma baraka kwa ajili ya kujifunza tu, semeni Hashem, yaani "lile Jina", badala ya Jina lenyewe.

Halafu ifungueni ratiba ya shule mezani. Huenda mkakuta sala ina nusu saa kila asubuhi na somo la sala halina hata kipindi kimoja. Kama ndivyo, ombi lenu la kwanza kwa mwalimu mkuu liwe vipindi viwili kwa wiki, kabla ya ombi lolote la vitabu.

Umeuliza kwingineko wanafanyaje. Marekani kuna shule za Kiyahudi za kutwa, ambako sala ya asubuhi ni sehemu ya siku, na kuna shule za mwisho wa juma, ambazo mfano wake wa kwanza Rebecca Gratz aliufungua mjini Philadelphia mwaka 1838, akitegemea wanawake wa kujitolea. Hadi leo shule nyingi za aina hiyo ya pili hutegemea wanafunzi wa vyuo na wazazi kuliko walimu waliosomea ualimu. Wanaosomea fani yenyewe hupitia vyuo kama Jewish Theological Seminary ya New York, Hebrew Union College, au Pardes ya Yerusalemu, na Lookstein Center ya Chuo Kikuu cha Bar-Ilan nchini Israeli huwasaidia walimu walioko kazini. Njia inayopendwa kote huko ni havruta: watu wawili, andiko moja, wanasoma kwa sauti na kubishana. Haihitaji umeme wala projekta, na ndiyo nitakayokushauri uitumie siku zote tatu.

Lakini usidhani wenzetu wamelimaliza tatizo. Malalamiko yako kuhusu darasa la sita na la saba yanasikika vilevile New York. Mwaka 1953 Abraham Joshua Heschel, profesa katika seminari hiyo ya New York, aliwaambia marabi wenzake kwamba kurekebisha kitabu cha sala hakutaponya ubaridi wa masinagogi yao. Kinachohitaji kurekebishwa ni nafsi ya anayesali. Mafunzo ya walimu bado yanapungukiwa hapo. Mwalimu hufunzwa andiko, hufunzwa mbinu, na hakuna anayemuuliza yeye mwenyewe anasali vipi, amechoka na sala ipi, ni maneno gani hayatoki kinywani mwake kwa urahisi. Kisha anasimamishwa mbele ya watoto ambao wanamtazama yeye kuliko wanavyotazama kitabu. Mwalimu ambaye hajawahi kuifikiria sala yake huogopa maswali, na njia rahisi ya kuzuia maswali ni kukaririsha.

Kwa hiyo siku ya kwanza iwe ya walimu kuwa wanafunzi. Chukueni baraka za asubuhi, Birkot Hashahar, kwa sababu ni fupi na watoto wenu wanazijua. Msizitoe kwenye siduri, kitabu cha sala. Zitoeni kwenye Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale, kitabu cha Berakhot 60b, zilikotoka. Pale hazikupangwa kama orodha ya kusomwa. Kila moja imefungwa na tendo. Ukisikia jogoo anawika, ahimidiwe aliyempa jogoo akili ya kupambanua mchana na usiku. Ukifumbua macho, ahimidiwe awafumbuaye macho vipofu. Ukiketi kitandani, awafunguaye waliofungwa. Ukivaa, awavikaye walio uchi. Ukisimama, awainuaye walioinama. Ukikanyaga chini, aliyeitandaza nchi juu ya maji. Ukifunga viatu, aliyenipa mahitaji yangu yote.

Walimu wakae wawili wawili. Mmoja asome, mwenzake atende, polepole: alale kwenye benchi, afumbue macho, aketi, akanyage sakafu, afunge kamba za viatu. Kisha wabadilishane. Mwanzoni watacheka, waache wacheke mpaka kicheko kiishe. Halafu kila mmoja amwambie mwenzake ni baraka ipi kati ya hizo imemgusa mwaka huu. Aliyemuuguza mzazi atakuwa na la kusema kuhusu walioinama. Aliyepitisha mwezi bila mshahara atakuwa na la kusema kuhusu mahitaji yangu yote, na huenda ni neno la manung'uniko, lipokeeni. Mtu asilazimishwe kusema mbele ya wote. Wawili wanatosha.

Baada ya chai, wape ubishi wa kweli. Maimonides alichukizwa na desturi iliyokwisha kuenea ya kuzisoma baraka hizi zote mfululizo sinagogini, uwe umefanya tendo lake au hujafanya, aliiita kosa. Yosef Karo, aliyeandika Shulhan Arukh, kitabu kikuu cha sheria za Kiyahudi, katika mji wa Safed karne ya 16, anaikubali desturi hiyohiyo na kutoa sababu: mikono ya watu si safi wanapoamka, na wapo wasiozijua baraka hizo, basi zisemwe sinagogini wao waitikie amina. Walimu wabishane: tunapozisoma shuleni, mtoto akiwa ameshavaa, ameshachota maji, ameshatembea njia nzima kutoka nyumbani, tunapata nini na tunapoteza nini? Mbinu zitaanza kutoka kwao bila wewe kuzileta. Mmoja atapendekeza watoto wa darasa la kwanza wapewe baraka mbili za kutumia nyumbani wakiamka. Mwingine atataka jogoo achorwe na Kiebrania kiandikwe chini yake. Yaandike yote kwenye bango kitita na uyatunze.

Jambo moja ujiandae nalo mapema. Katika orodha ya siduri nyingi za jadi zimo baraka tatu ambazo mwanamume humshukuru Mungu kwa kutomfanya asiye Mwisraeli, mtumwa, au mwanamke. Siduri za Conservative, mmoja wa mirengo ya Uyahudi wa leo, tangu katikati ya karne ya 20, huzisema kwa namna nyingine: aliyeniumba kwa mfano wake, aliyenifanya Mwisraeli, aliyenifanya huru. Katika chumba chenye walimu wanawake na walimu Wakristo swali litakuja. Usiliruke. Weka matini zote mbili mezani, eleza kwamba marabi wa zamani walizihusisha na wingi wa amri ambazo mwanamume wa Kiyahudi anawajibika kuzitimiza, na mruhusu mtu aseme kwamba maelezo hayo hayamtoshi. Mwalimu aliyeona jinsi mafunzo yanavyolipokea swali gumu atajua la kufanya msichana wa miaka kumi na miwili akimuuliza lilelile.

Siku ya pili chagueni sala moja tu, Amida, sala kuu isemwayo kwa kusimama. Mifupa yake mnaweza kuimaliza kwa saa moja: siku za kawaida baraka 19, tatu za mwanzo za sifa, 13 za maombi, tatu za mwisho za shukrani, Sabato maombi hayo huondolewa na baraka zinabaki saba. Hatua tatu mbele kabla ya kuanza, kuinama mara nne, hatua tatu nyuma ukimaliza. Walimu wasiojua waoneshwe kwa vitendo, kisha msikae hapo.

Nendeni kwa Hana. Kisa chake katika sura ya kwanza ya 1 Samweli wanakijua walimu wenu wote, Wakristo kwa Wayahudi, na hapa kila mmoja anaingia na mtaji wake. Mwanamke asiye na mtoto anasali hekaluni Shilo, midomo inacheza, sauti haisikiki, na kuhani Eli anamdhania amelewa. Marabi wa Talmudi, Berakhot 31a, walichukua kwake kanuni za Amida: anayesali auelekeze moyo wake, atamke kwa midomo, asipaze sauti. Hiyo ndiyo sababu Amida husemwa kwa kunong'ona. Inanigusa kila ninaposoma kwamba walipotafuta mfano wa sala iliyo bora hawakwenda kwa mfalme wala nabii, walikwenda kwa mwanamke aliyekuwa akilia na kukemewa.

Lakini kwa walimu, nadhani kisa hiki ni cha Eli zaidi. Eli ni mwalimu wa zamu: yuko mlangoni, anaangalia nidhamu, anaona kitu asichokizoea na kukihukumu. Waulize wenzako ni mtoto gani shuleni kwao anayeonekana hasali. Yule anayeangalia dirishani? Yule asiyefungua kinywa? Mnajuaje? Talmudi inaendelea, 31b, kusema kwamba anayemshuku mwenzake kwa jambo asilolifanya ana wajibu wa kumtuliza moyo, na zaidi ya hapo ambariki. Acha kila mwalimu amfikirie mtoto mmoja aliyewahi kumfokea wakati wa sala, na aandike, kwa ajili yake mwenyewe, atamwambia nini muhula ukifunguliwa.

Sasa hao wakubwa wanaosinzia. Uchovu wa sala inayojirudia ni wa zamani kuliko shule. Rabi Eliezer anasema katika Mishna, mkusanyo wa sheria ambao Talmudi inaujadili, Berakhot 4:4, kwamba anayeifanya sala yake kuwa jambo la kudumu tu, sala yake si dua. Sura inayofuata inasimulia wachamungu wa kale waliotulia saa nzima kabla ya kusali ili waielekeze mioyo yao kwa Mungu. Shule haina saa nzima, lakini ina dakika tatu. Dakika tatu za kukaa kimya kabla ya Amida, kila siku, bila tangazo wala kuitana majina, zitabadilisha mengi kuliko wimbo mpya. Wiki mbili za kwanza watoto watahangaika. Msikate tamaa.

Pili, wapeni kazi. Kijana wa darasa la saba anayeongoza zaburi, anayewasaidia wadogo kupata ukurasa, anayefungua sinagogi, yumo ndani ya sala kwa namna ambayo makaripio hayawezi kumwingiza. Tatu, wafundisheni kwamba ndani ya Amida kuna nafasi yao. Katika baraka ya Shomea Tefila, msikia sala, sheria inaruhusu mtu kuongeza ombi lake mwenyewe la jambo lolote. Na Mishna, Sota 7:1, inaihesabu Amida miongoni mwa yanayoweza kusemwa kwa lugha yoyote. Basi ombi hilo liwe la Kiluganda, la Kigisu, la Kiswahili, lugha yoyote ambayo mtoto analilia. Nne, kama sala ni ndefu kuliko pumzi ya watoto, ipunguzeni kwa ushauri wa rabi. Shulhan Arukh lenyewe linasema dua chache zenye moyo ni bora kuliko nyingi zisizo nao.

Sipendi, na nalisema wazi, pipi na stika kwa mtoto aliyesali vizuri. Wala alama. Pimeni anachokijua: kusoma Kiebrania, mpangilio wa sala, maana ya maneno makuu, kisa kilichoko nyuma ya sala. Hayo ni ya somo na yana mtihani. Moyo wa mtoto usiwekewe alama na mtu yeyote.

Kabla siku ya pili haijaisha, mwalikeni mzee mmoja wa jamii. Mna urithi ambao shule za New York hazina. Semei Kakungulu, mwanzilishi wa jamii yenu, alipoishika Torati mwaka 1919 hakuwa na mwalimu wa Kiyahudi wala siduri, na mwaka 1922 alichapisha kitabu cha kanuni na sala kwa Kiluganda. Miaka ya Idi Amin, dini ya Kiyahudi ilipopigwa marufuku, watu walisali kwa kujificha. Zaburi zenu za Kiluganda, kwa sauti za kwenu, zilitolewa kwenye albamu ya Smithsonian Folkways, kampuni ya muziki ya Marekani, mwaka 2003 na zinasikilizwa dunia nzima. Mzee aulizwe: mlisali nini, wapi, nani alikufundisha maneno? Walimu wasikilize, wasimkatize. Naona walimu wengi wa Afrika wakidhani sala halisi ni ile inayokuja na wageni. Rabi wenu Gershom Sizomu alisoma Los Angeles na kupata urabi huko mwaka 2008, na nyimbo za kwenu zikabaki nyimbo za kwenu. Maswali ya sheria niliyoyagusa hapa mpelekeeni yeye, kwani yeye ndiye anayewajua.

Siku ya tatu ni ya kufundishana. Kila mwalimu aandae somo la dakika 15 juu ya baraka moja na awafundishe wenzake kama darasa. Wanaotazama wasianze na pongezi wala kasoro. Waseme kwanza walichokiona: mtoto alipata nafasi ya kuuliza wapi, mwalimu alisubiri kwa muda gani baada ya swali, ni nani aliyezungumza zaidi. Kisha mwalimu mwenyewe aseme angebadilisha nini.

Walimu Wakristo wasiachwe pembeni. Wanaweza kufundisha kusoma, muziki, kisa cha Hana, historia, maana ya maneno. Kuongoza sala na kuitikia kwa niaba ya jamii si kazi yao, na wao wenyewe watapumua wakisikia hivyo waziwazi. Kwa wanafunzi Wakristo na Waislamu, kanuni ninayoitetea ni hii: somo ni la wote, sala si ya kulazimishwa. Wawe na mahali pa kukaa kwa heshima, na wazazi waelezwe siku ya kuandikisha mtoto. Darasani watawafaa sana wenzao. Mtoto wa Kiislamu anayetia udhu na kuelekea Makka ana maswali mazuri kwa mwenzake anayenawa mikono na kuelekea Yerusalemu, maswali ambayo yule mwenzake hajawahi kujiuliza.

Siku tatu peke yake hazitoshi. Kabla ya kuagana, wapangeni walimu wawili wawili. Kila jozi itembeleane darasani mara moja kwa mwezi, na wote wakutane saa moja kila mwezi juu ya andiko moja. Mwalimu mkuu naye aombwe jambo moja, awepo kwenye sala ya asubuhi, siduri mkononi. Watoto wakimwona anapitia risiti ofisini wakati wa Shema, kazi yenu yote inapungua nguvu.

Kuhusu makaratasi: mnaponakili kurasa za mafunzo, Jina la Mungu la Kiebrania lisichapwe kamili, wekeni kifupisho, kwani karatasi yenye Jina haitupwi jalalani wala kufungia karanga. Zitakazokuwa nalo, pamoja na siduri zilizochakaa, zikusanyeni kwenye sanduku la geniza mpaka zizikwe. Mfundishe mwanafunzi mmoja wa kila darasa alitunze sanduku hilo.

Na tarehe, kama una uhuru wa kuchagua, iwe likizo kabla ya muhula wa tatu. Muhula huo huanza Septemba, na Rosh Hashana, Mwaka Mpya wa Kiyahudi, huangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi wa Eluli unaoitangulia ndio wa kupuliza shofa, baragumu ya pembe, baada ya sala ya asubuhi, isipokuwa Sabato, na hata wa darasa la saba huamka wakiisikia. Mwaka ambao walimu watatoka mafunzoni moja kwa moja kuingia Eluli, wiki ya kwanza tu watakuwa na somo mkononi: kila darasa lichukue mstari mmoja wa Avinu Malkenu ("Baba yetu, Mfalme wetu"), sala ya siku za toba, lijifunze maana yake kwa vipindi viwili, liulize maswali yake yote, ndipo lije nao kwenye sala.